Soriasisi si Ukoma: Historia ya Ugonjwa wa Magamba na Madini ya Chokaa Mwilini

  

Mada yetu ya leo ni ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Huenda jina ni geni masikioni mwenu, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni. Ni ule wa mabaka mazito yenye magamba meupe yanayong'aa kama ya samaki, ambayo hutokea zaidi kwenye viwiko, magoti, sehemu ya chini ya mgongo na kichwani. Leo nitausimulia kwa njia ya historia, kwa sababu historia yake ndiyo inayotueleza kwa nini mpaka leo watu wenye soriasisi wanatengwa bila hatia yoyote.

Nianze na kisa kimoja. Mama mmoja, ambaye sitamtaja jina wala mtaa, alikuwa mama karanga. Alikuwa akinunua samaki wadogo pwani alfajiri, akiwakaanga na kuwauza jioni. Mabaka yalimtokea kwanza kwenye viwiko, kisha magotini, kisha kichwani. Alipoanza kujikuna kando ya karai lake, wateja wakapungua. Nyumbani, wifi yake akamtengea sahani yake, kikombe chake na mkeka wake. Neno lililokuwa likisemwa chini chini ni moja tu: jedhamu, yaani ukoma.

Alikwenda kwa mganga, akachanjwa chale mgongoni. Baada ya wiki chache, kila mahali wembe ulipopita palitokea baka jipya, yamejipanga mstari kama chale zenyewe. Nami sitajificha, wasikilizaji. Kabla ya hapo alikuwa amefika kwangu, nikamtazama harakaharaka, nikadhani ni choa, nikampa dawa ya kupaka ya choa. Aliipaka miezi mitatu bila kupata nafuu. Aliporudi alifunika mikono kwa buibui, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sista, niambie kweli. Mimi nina jedhamu?"

Swali hilo la mama karanga limeulizwa na watu wengi duniani kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Tuone lilivyojibiwa.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni majina. Wagiriki wa kale walikuwa na neno "lepra", na maana yake ilikuwa ngozi yenye magamba, ngozi iliyokwaruza. Halikuwa jina la ukoma tunaoujua leo. Walikuwa pia na neno "psora", lenye maana ya mwasho, na kutokana nalo ndipo likapatikana jina soriasisi. Vitabu vitakatifu vya Wayahudi vilipotafsiriwa kwa Kigiriki huko Aleksandria, Misri, neno la Kiebrania lililotaja magonjwa mbalimbali ya ngozi likafasiriwa kuwa "lepra". Ndani ya neno hilo moja yakaingizwa maradhi mengi: mabaka meupe, magamba, na yumkini soriasisi pia.

Waarabu walikuwa waangalifu zaidi. Wao walitenganisha judham, ambao ni ukoma wenyewe unaokula vidole, na baras, ambao ni mabaka meupe. Sisi Waswahili tuliyapokea maneno yote mawili, ndiyo maana tuna jedhamu na barasi. Lakini vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11, judham nayo ikapewa jina "lepra". Tangu hapo, Ulaya nzima ikawa na jina moja kwa ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu na kwa ngozi yenye magamba tu. Mtu mwenye magamba aliweza kuhesabiwa mkoma, akatolewa mjini na kunyimwa haki ya kukaa na watu.

Mwishoni mwa karne ya 18, daktari mmoja wa London aitwaye Robert Willan alianza kuyapanga magonjwa ya ngozi kwa kuyatazama umbo, rangi na mahali yalipokaa. Kufikia mwaka 1808 alikuwa ameieleza soriasisi vizuri sana. Ila aliupa ugonjwa huo huo majina mawili, na mojawapo lilikuwa bado na neno "lepra" ndani yake. Ikawa kama mtu aliyefungua mlango halafu akaacha ufunguo nje. Ndipo mwaka 1841 huko Vienna, daktari Ferdinand von Hebra alipotamka kwamba hayo mawili ni ugonjwa mmoja, jina lake ni soriasisi, na neno "lepra" liondolewe kabisa.

Ushahidi wa mwisho ulikuja mwaka 1873, pale daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway alipokiona kwa darubini kijidudu kinacholeta ukoma. Basi ikajulikana kwamba ukoma una mdudu wake, na soriasisi haina mdudu huo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870, daktari Heinrich Koebner wa Ujerumani aligundua kwamba ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, baka jipya linaweza kuota pale pale penye jeraha. Hicho ndicho kilichompata mama karanga wetu alipochanjwa chale. Haukuwa uchawi, wala jini aliyekasirika. Ilikuwa ngozi yake inajibu wembe.

(Muziki mfupi)

Wasikilizaji, huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilidai kwamba soriasisi ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika haupati ila kwa nadra. Mwaka 1967 madaktari wawili, Verhagen na Koten, waliandika katika jarida la kitabibu la Marekani kuhusu soriasisi hapa hapa Kenya. Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, watafiti Leder na Farber walikusanya taarifa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Walionyesha kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko Afrika Magharibi. Kwa hiyo, ni wetu.

Kwa nini basi haukuonekana? Sababu moja ni rangi. Picha za vitabuni zilionyesha mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huwa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na magamba yake hufanana na majivu. Mhudumu aliyefundishwa kutafuta wekundu hataona kitu. Atasema ni choa, ni mba, ni upele, kama nilivyosema mimi.

Sababu ya pili iko karibu nasi zaidi. Wazee wa Msambweni wanakijua kituo cha Tumbe, kilichowahifadhi watu wenye ukoma. Kituo kama hicho kiliwasaidia wengi waliokataliwa na jamaa zao, lakini pia kiliacha hofu vichwani mwa watu. Kila ngozi iliyobadilika, macho yalielekea Tumbe. Nami naomba nieleweke. Nikisema soriasisi si ukoma, sisemi mwenye ukoma ndiye astahiliye kutengwa. La hasha. Ukoma una tiba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa unaouponya kabisa, na mgonjwa akishaanza dawa hizo, punde si punde huacha kuambukiza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili anayestahili kutengewa sahani.

Hatua kubwa katika eneo letu ilifanyika ng'ambo ya mpaka. Ukivuka Horohoro, ukapita Tanga na kupanda mpaka Moshi, utafika hospitali ya KCMC. Hapo, mwaka 1992, kilianza kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kituo hicho kimewafundisha maafisa wa tiba na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, ili ngozi nyeusi itazamwe na watu wanaoijua.

(Muziki mfupi)

Sasa tuingie ndani ya ngozi yenyewe, kwa sababu mama karanga aliniuliza swali la pili: "Kama si jedhamu, basi ni nini?"

Ngozi yetu ni kama paa la makuti. Kuti halitoki mnazini likapanda darini siku hiyo hiyo. Hukatwa, hukaushwa, hushonwa, kisha hupangwa moja juu ya jingine mpaka mvua isipite. Seli za ngozi zina safari kama hiyo. Huzaliwa chini kabisa, zikiwa laini na zenye kiini. Kisha hupanda juu taratibu, zikibadilika njiani. Huwa bapa, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hupoteza kiini chake, hushikana na wenzake, na mwishowe hufa na kuwa ganda jembamba la juu linalozuia maji na vijidudu. Baadaye hupukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Mabadiliko hayo ya seli kutoka changa mpaka kuwa ganda ndiyo tunayoyaita kukomaa kwa seli za ngozi.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa Marekani, Weinstein na Van Scott, walipima mwendo huo. Waligundua kwamba katika baka la soriasisi seli hupanda kwa siku chache tu. Fikirini fundi anayeezeka kwa makuti mabichi, ambayo hayakushonwa, tena anarundika marundo kwa marundo. Paa litakuwa nene, lakini litavuja na kupukutika. Ndiyo magamba ya soriasisi hayo. Ukiyatazama kwa darubini, seli za juu bado zina kiini, dalili kwamba zimefika kabla ya kukomaa.

Ni nani basi huiambia seli, "Sasa acha kuzaliana, anza kukomaa"? Mojawapo ya majibu liko kwenye kitu tunachokijua sote huku pwani: kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Ndiyo iliyomo kwenye mawe ya matumbawe tunayochoma kupata chokaa, kwenye makombe ya chaza, kwenye mifupa na meno yetu. Mwilini kalsiamu haifanyi kazi ya mifupa tu. Ni tarishi pia, hupeleka habari ndani ya seli.

Mwaka 1980, mtafiti Henry Hennings na wenzake huko Marekani walilea seli za ngozi ya panya katika vyombo vya maabara. Walipoweka kalsiamu kidogo, seli ziliendelea kuzaliana na kubaki changa. Walipoongeza kalsiamu, seli ziliacha kuzaliana, zikashikana na kuanza kukomaa. Mwaka 1985 watafiti wengine walionyesha kwamba ndivyo ilivyo katika ngozi hai pia. Kule chini kalsiamu ni kidogo, na kadiri unavyopanda huzidi, mpaka karibu na ganda la juu ambako ni nyingi kuliko kote. Seli inapopanda hukutana na chokaa zaidi na zaidi, na kila hatua ni amri mpya. Mwaka 1991 ikaonekana kwamba katika ngozi yenye soriasisi mpangilio huo umevurugika. Amri hazifiki zipasavyo.

Lakini tarishi hana kazi kama hakuna wa kumpokea. Kalsiamu hupokelewa na protini maalumu zinazoishika. Mwaka 1965, huko Marekani, Blake Moore alipata kwenye ubongo wa ng'ombe protini ndogo ambazo aliziita S100, kwa sababu ziliyeyuka katika maji yaliyokolezwa aina fulani ya chumvi kwa asilimia 100. Kisha mwaka 1973, Robert Kretsinger na mwenzake walichunguza protini nyingine, iliyotoka kwenye nyama ya samaki wa maji matamu. Waliona inavyoshika kalsiamu kwa umbo linalofanana na mkono, kidole gumba kimenyooka na cha shahada kimenyooka. Umbo hilo la mkono likaja kuonekana katika protini nyingi, zikiwemo zile za S100. Mkono unapokamata kalsiamu, protini hubadilika umbo, na ndipo huweza kwenda kushikana na protini nyingine na kuzipa kazi.

Ngozini kuna protini nyingi zinazohitaji kalsiamu. Kuna kadherini, zinazofunga seli moja na nyingine kama kamba zinavyofunga kuti kwenye pau. Kuna kimeng'enya ambacho, kikipata kalsiamu, hugandisha protini za pembeni mwa seli na kuzigeuza kuwa ala ngumu. Na kuna ukoo wa S100. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba jeni nyingi za ukoo huo zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya kwanza, jirani na jeni za protini zinazojenga ganda la ngozi, kama mafundi wa kazi moja waliopanga mtaa mmoja.

Hapo ndipo soriasisi ikapata shahidi wake. Mwaka 1991 huko Aarhus, Denmark, Peder Madsen na wenzake, akiwemo Julio Celis, walilinganisha protini za ngozi yenye soriasisi na za ngozi nzima. Wakakuta protini moja ndogo ambayo katika ngozi nzima ni haba, lakini kwenye baka la soriasisi imefurika. Ilikuwa ya ukoo wa S100, na kwa kuwa ilipatikana kwenye soriasisi wakaiita soriasini. Jina lake la ukoo ni S100A7. Ndugu zake wawili, S100A8 na S100A9, nao hujaa kwenye mabaka hayo.

Kwa muda, watu walijiuliza kama soriasini ndiyo adui. Jibu lilileta mshangao. Mwaka 2005, watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani, wakiongozwa na Jens-Michael Schröder, waliuliza kwa nini ngozi yetu haishambuliwi ovyo na kijidudu kiitwacho E. koli, kile cha kinyesi, ingawa tunakigusa kila siku. Walikuta kwamba kinachokiua ni soriasini hiyo hiyo. Kumbe ni mlinzi! Ngozi iliyojeruhiwa au iliyovamiwa huita walinzi hawa kwa wingi, na pia huwaita askari wa damu, yaani seli nyeupe. Hatari ikipita, walinzi hurudi nyumbani.

Kwa mwenye soriasisi walinzi hawarudi. Mapema, mwaka 1979, madaktari waliona kwamba dawa ya siklosporini, inayotuliza kinga ya mwili, husafisha mabaka ya soriasisi. Hapo ikaanza kueleweka kwamba shina la ugonjwa liko kwenye kinga ya mwili iliyokosa kiasi. Kinga huiharakisha ngozi, ngozi iliyoharakishwa hutoa soriasini na ndugu zake, nazo huita askari zaidi, na askari huiharakisha ngozi tena. Ni kama mlinzi wa usiku aliyeanza kupiga kelele za mwizi, majirani wakatoka, kelele zao zikamfanya apige zaidi, mpaka asubuhi hakuna aliyelala na mwizi hakuwepo.

Kwa hiyo jibu la swali la mama karanga ni hili: soriasisi si mdudu, si uchafu, si laana. Ni ulinzi wa mwili wake mwenyewe usiojua kunyamaza. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuambukizwa kwa sahani, wala kwa mkeka, wala kwa mkono unaokupa samaki. Hurithiwa kwa sehemu fulani, na huamshwa na mambo kama vile homa ya koo, majeraha, mawazo mengi, pombe, sigara, na dawa fulani. Klorokwini, dawa ya malaria iliyotumiwa sana Kenya mpaka ilipoondolewa kuwa dawa ya kwanza mwaka 1998, ilijulikana kwa kuuchochea ugonjwa huu.

(Muziki mfupi)

Wasikilizaji, kabla hamjakimbilia dukani nawaonya jambo. Nimesema kalsiamu inahusika. Sikusema mtu apake chokaa kwenye mabaka. Chokaa huunguza, na ngozi iliyoungua huota mabaka mengine. Wala sikusema mtu aache dagaa na maziwa, au ameze vidonge vya kalsiamu. Kalsiamu ya sahani haiendi moja kwa moja kurekebisha amri za ngozi. Kula chakula chako kama kawaida.

Hata hivyo, sayansi hii ilizaa dawa. Mwaka 1985 huko Osaka, Japani, daktari Morimoto alimtibu mgonjwa wa mifupa kwa vitamini D, ambayo ndiyo msimamizi wa kalsiamu mwilini. Mgonjwa huyo alikuwa na soriasisi pia, na mabaka yake yakapona. Kutokana na njia hiyo ikapatikana dawa ya kupaka iitwayo kalsipotrioli, jamaa wa vitamini D, ambayo huzisaidia seli kupunguza haraka na kukomaa.

Basi nini cha kufanya? Shikeni mambo haya matano.

Kwanza, usijitambue mwenyewe, na usimtambue jirani. Nenda kituo cha afya. Mhudumu atakugusa kwa kipande cha pamba huku umefumba macho. Mabaka ya ukoma kwa kawaida hupoteza hisia. Ya soriasisi huhisi, na mara nyingi huwasha. Ukiwa na mashaka, omba barua ya kwenda hospitali kubwa kama Msambweni.

Pili, lainisha ngozi kila siku kwa mafuta mazito yasiyo na manukato, hasa baada ya kuoga. Usibandue magamba kwa nguvu, usisugue kwa jiwe, na usichanjwe chale. Jua la asubuhi kwa kiasi husaidia wengi, lakini kuungua na jua hudhuru.

Tatu, tahadhari na krimu kali za steroidi zinazouzwa madukani, na zile za kujichubua. Ukizitumia kiholela ngozi huwa nyembamba, na ukiacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo. Sindano na vidonge vya steroidi ni hatari zaidi. Ukiviacha, ngozi nzima inaweza kuwaka. Tumia dawa kwa maelekezo na kwa muda ulioambiwa.

Nne, ukipewa methotreksati kwa soriasisi, kumbuka kwamba humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Wala isitumiwe na mama mjamzito. Mwambie mhudumu mapema kama unatarajia kupata mtoto.

Tano, eleza maumivu ya viungo na mabadiliko ya kucha, kwani soriasisi huweza kuingia kwenye viungo na kuviharibu. Na ikiwa umetokewa ghafla na soriasisi kali, kubali kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi hivyo huweza kuuamsha ugonjwa huu au kuuzidisha, na dawa zake husaidia hata ngozi.

Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi. Lilikubali kwamba ni ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, unaouma, na ambao bado hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Lilisema pia kwamba wagonjwa wengi huteseka kwa kutengwa, kwa kuchelewa kutambuliwa na kwa kukosa matibabu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama karanga, kwa maana yote matatu yalimpata, na moja kati yake lilipita mikononi mwangu.

Siku ile nilimfanyia kipimo cha pamba. Alifumba macho, nami nikamgusa kwenye baka la kiwiko. Akasema, "Hapo." Nikamgusa goti. "Hapo." Mgongoni, kwenye mstari wa chale. "Hapo pia." Hakukosa hata mara moja. Nilimwandikia barua, akaenda akatazamwa na mjuzi wa ngozi, akaambiwa ni soriasisi na kupewa dawa za kupaka. Hakupona kabisa, nami sitawadanganya. Mabaka hurudi akiwa na mawazo, kisha hupungua. Lakini nilifanya jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya dawa. Nilikwenda nyumbani kwao, nikaketi na wifi yake na watoto, nikawaeleza haya haya niliyowaeleza leo. Ulipofika wakati wa chakula, nilimshika mama yule mkono, tukanawa pamoja, tukala wali katika sinia moja.

Wifi alitutazama kwa muda. Kisha naye akanawa, akasogea.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba wengi huficha kwa sababu wanajua majirani watawafanya nini. Ukimwona mtu mwenye magamba, mpe mkono, kisha mwelekeze kituo cha afya. Tukikutana kipindi kijacho tutazungumza juu ya choa na upele, na jinsi ya kuvitofautisha.